Bibi anatugaragaza bolingi ya Wii kila sikukuu. Wajuzi wa gemu njooni

Mwana wa Mwembetanga
Assalam alaykum wakuu.

Nyumbani kwetu kuna ile Wii nyeupe, mashine ya gemu ya Nintendo, ami aliileta kutoka London zamani hizo. Diski ni ileile iliyokuja nayo, Wii Sports: tenisi, besiboli, bolingi, gofu na ngumi. Kila sikukuu watu wakishakula tunajazana ukumbini, wakubwa kwa wadogo, na ligi inaanza.

Tatizo ni bolingi. Bibi yetu hakamatiki. Ana miaka sabini na kitu, anacheza amekaa kwenye kiti cha plastiki, mtandio umemteremka mabegani, tasbihi kaiweka pajani. Kaka yangu anacheza mpira daraja la pili, akirusha anarusha na bega zima, jasho linamtoka, tufe linakwenda mferejini. Bibi anauteremsha mkono ubavuni mwa kiti, anaupandisha taratibu, anaachia kitufe, pini kumi zote chini. Halafu anauliza, "Kwani nyinyi nini kinakushindeni?"

Sasa nauliza kwa dhati: ile mashine inapima nini khasa? Maana kama ni nguvu, bibi asingefua dafu.

Nahodha wa Ngalawa
Bibi ana radhi za watu. Nyinyi mnamgombeza mchana, usiku mnataka kumshinda.

Ustadh Gemu
Jibu ni jepesi. Ile pedi unayoishika mkononi haijui nguvu. Ndani yake mna kidude kinachopima mchapuko, yaani mwendo unavyobadilika kasi. Kuanzia hapo mashine inakisia tu ulichofanya. Haioni mkono wako, haioni bega, haijui kama umesimama ama umelala kitandani. Ndiyo maana kwenye tenisi unaweza kukaa kochi ukatikisa kifundo cha mkono na mpira ukaenda vilevile. Mchezaji anakimbia mwenyewe, wewe kazi yako ni kupiga kwa wakati tu.

Kaka yako anacheza bolingi ya kweli mbele ya mashine isiyoiona. Bibi anacheza na mashine.

Bint Mtoni
Mie nakataa hio ya "mashine haijui". Bibi yako amekuna nazi tangu utoto wake. Mkono uliokaa kwenye mbuzi wa kukunia miaka sitini una utulivu ambao nyie wa kununua tui la paketi hamna. Na kama ni mtu wa shamba basi na ukili kasuka. Kifundo hakitetemeki.

Mkarafuu
Bint Mtoni umenena. Huku Pemba wazee wetu wanachuma karafuu juu ya mti, mkono mmoja kwenye tawi, mmoja kwenye kikonyo. Mlete huyo kaka wa daraja la pili apande mkarafuu tumwone.

Ustadh Gemu
@Bint Mtoni kukuna nazi na bolingi ni misuli tofauti kabisa. Ungesema kurusha jiwe, ningekuelewa.

Bint Mtoni
Haya, kurusha. Muulize bibi kama alicheza nage. Wasichana wa zamani hapa mjini walikuwa wanacheza nage jioni mpaka adhana ya magharibi, wawili wanarusha mpira kutoka ncha mbili, walio kati wanaukwepa. Aliyekuwa mrushaji mzuri wa nage anajua kulenga mpaka anaingia kaburini.

Mwana wa Mwembetanga
Nimemuuliza sasa hivi. Amecheka akasema "mimi na marehemu dada yangu tulikuwa hatuchezi na watoto wa mtaa wa pili, wanalia". Sijui hio ni ndiyo au siyo.

Fundi Chogo
Jamani. Mie fundi wa TV, niko Amani. Kabla ya nazi na nage, TV gani? Kama mna flati, picha inachelewa. TV mpya nyingi zinaisafisha picha kwanza kabla ya kuionesha, na gemu kama hizi zinaumia. Kijana anapiga kwa kufuata anachokiona, kumbe anachokiona kimeshapita. TV ya chogo haina ucheleweshaji huo. Kwenye flati ingia mipangilio, tafuta hali ya gemu, iwashe. Wateja wangu wengi hawajui kama ipo.

Bibi kwa vile anatazama TV nusu nusu, ucheleweshaji haumgusi. Kesi imekwisha.

Ustadh Gemu
Haijakwisha fundi. Uliyosema ni kweli kwa tenisi na besiboli, pale mpira unakujia. Kwenye bolingi hakuna kinachokujia. Tufe unalo wewe, unalirusha ukitaka. TV ikichelewa hata sekunde nzima, pini zitakungoja.

Fundi Chogo
Zitakungoja lakini kidole kwenye kitufe utaachia kwa kufuata picha.

Ustadh Gemu
Unaachia kwa kufuata mkono. Mtu anayefuata picha ndiye anayeliachia tufe nyuma, watu wa kwenye gemu wanaruka na kupiga kelele. Wanaojua wanajua.

Mama Wawili
Hahaa, hio ya kuachia tufe nyuma mume wangu ndiyo fani yake.

Mchangani 85
Na ile fimbo ya kuweka juu ya TV je? Mwana wa Mwembetanga, iko katikati? Ile ndiyo inasoma pedi. Ikiwa upande mmoja, wanaosimama upande wa pili wanaonewa, na bibi kama kiti chake kiko katikati daima, ushindi ni wake.

Ustadh Gemu
Hapana kabisa. Fimbo ile haisomi kitu. Ina taa ndogo za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, pande mbili, basi. Kamera iko kwenye pedi, mbele pale penye kioo cheusi. Pedi ndiyo inayoitazama fimbo. Na kwenye bolingi hata haihitajiki wakati wa kurusha, inahitajika kuchagua vitu kwenye skrini tu.

Mchangani 85
Kwa hivyo waya unaotoka kwenye fimbo kuingia kwenye mashine ni wa pambo?

Ustadh Gemu
Ni wa umeme wa kuwashia taa.

Mpemba wa Muscat
Ustadh yuko sahihi, na ushahidi ninao. Mnakumbuka umeme ulipokatika Unguja miezi mitatu, Desemba 2009 mpaka Machi 2010? Mie nilikuwa likizo hapo, kwa shemeji yangu Kikwajuni. Jenereta inawashwa baada ya isha, saa mbili hivi, watoto wanapigania kuchaji simu au kucheza Wii. Ile fimbo waya ulikuwa umetafunwa na panya. Shemeji akaweka mishumaa miwili juu ya TV, mmoja huku mmoja kule, na kimkono cha kwenye skrini kikafanya kazi vizuri tu. Moto wa mshumaa unatoa infraredi. Mashine haikujua tofauti.

Nahodha wa Ngalawa
Miezi mitatu watu tunachota maji kwa ndoo kwa sababu pampu zimelala, nyinyi mnawasha jenereta mcheze tenisi. Petroli hio.

Mpemba wa Muscat
Sheikh, watoto walikuwa wamechoka na giza. Na majirani walikuja wote kutazama. Ukumbi ulijaa mpaka barazani.

Bint Mtoni
Mshumaa juu ya TV! Pazia je?

Mpemba wa Muscat
Shangazi alikaa pembeni na ndoo ya maji usiku kucha. Hakuangalia gemu hata kidogo.

Mkarafuu
Yakhe, nyie mnazungumza miezi mitatu kama maajabu. Pemba kabla ya waya wa baharini kutoka Tanga mwaka 2010 tulikuwa tunaishi na jenereta za kituo, umeme unakuja na kwenda. Nani alikuwa na hamu ya Wii.

Turudi kwa bibi. Mie nasema mnamwachia. Mkubwa hashindwi mbele ya wageni siku ya Idi. Kijana mwenye adabu anavuta mkono. Mwenzangu hata kwenye keram nilikuwa namwachia babu mzee kete ya mwisho, kila mara.

Mwana wa Mwembetanga
Wallahi hakuna anayemwachia. Kaka yangu Idi iliyopita alitoka nje akakaa barazani hataki kuzungumza na mtu. Bibi akampelekea tambi za sukari huko huko nje, akamwambia "kula, mikono ipate nguvu". Hio ndiyo ilimmaliza kabisa.

Mama Wawili
😂😂😂 bibi hana huruma

Daktari wa Viungo
Salaam. Kazi yangu ni mazoezi ya viungo, kwa hivyo naongea kidogo.

Ukirusha kwa nguvu sana, misuli ya mkono wa mbele inakaza na kifundo kinajipinda chenyewe, aghalabu kwenda ndani. Wii inasoma kupinda huko kama ni mzunguko wa tufe. Ndiyo maana vijana wanalalamika "tufe linakata kona". Halikati kona, ni kifundo chako. Mtu mzima anayerusha taratibu, mkono umelegea, kifundo kinabaki kimenyooka na tufe linakwenda sawa. Kukaa kwenye kiti nako kunasaidia: bega halizunguki, mkono unabembea kwenye mstari mmoja kama pendulamu ya saa.

Kwa hivyo wote mna haki kidogo. Bint Mtoni kwa utulivu, Ustadh kwa mashine.

Na mwambie kaka yako atunze bega. Mwaka 2007 daktari mmoja Mhispania aliandika barua kwenye jarida la New England Journal of Medicine kuhusu maumivu ya bega aliyoyapata mwenyewe baada ya kucheza tenisi ya Wii saa nyingi mfululizo. Akaupa jina la mzaha, wiiitis. Lakini maumivu hayakuwa ya mzaha.

Ustadh Gemu
Daktari, tufe kwenda sawa katikati si lazima liangushe zote kumi. Ukigonga pini ya mbele uso kwa uso, mara nyingi zinabaki mbili za pembeni, moja huku moja kule. Unatakiwa ugonge pembeni kidogo ya ile ya mbele. Sasa bibi analengaje?

Daktari wa Viungo
Hapo nakuachia wewe.

Mwana wa Mwembetanga
Hebu ngojeni. Kweli kuna jambo. Bibi kabla ya kurusha anabonyeza mshale wa pedi, anamsogeza mchezaji wake hatua kulia. Kila mara. Sisi hatumsogezi, tunarusha pale pale tulipo. Nilidhani anabonyeza kwa kutojua.

Bint Mtoni
Anabonyeza kwa kutojua, amesema! Mwanamke anakushindeni miaka chungu nzima, na bado mnadhani hajui anachobonyeza.

Mama Wawili
Hapa ndipo ninapopataka. Nyie wanaume mnatoka asubuhi kazini na skuli. Nyumba inabaki na nani? Bibi na wajukuu wadogo. Wajukuu wanacheza nini? Msidanganyike, bibi anafanya mazoezi mchana kutwa halafu Idi anakuja na uso wa "hebu nijaribu".

Wii inaandika. Ingia kwenye ule ubao wa ujumbe, kila siku inaandika gemu gani limechezwa na kwa muda gani. Na huwezi kufuta. Mie ndivyo nilivyomkamata wangu wa darasa la sita aliyesema anajisomea.

Mwana wa Mwembetanga
Subhanallah. Nakwenda kuangalia.

Nahodha wa Ngalawa
Uzi wa bolingi umegeuka upelelezi.

Mchangani 85
Wakati tunamngoja: nani amejaribu Kinect? Ile ya Xbox 360 ya mwaka 2010, isiyo na pedi, kamera inakutazama unacheza kwa mwili wako tu. Kaka alinunua yuzidi, tukaweka nyumbani Mji Mkongwe, haikutuona asilani. Tulikuwa watu watano wazima mbele yake, inaandika inatafuta mtu.

Ustadh Gemu
Chumba chenu upana gani? Kinect inataka mtu asimame kama mita 1.8 kutoka kwake, wakiwa wawili mita 2.4. Nyumba za Mji Mkongwe vyumba ni vyembamba kwa sababu ya boriti za mikoko, upana wa chumba ndio urefu wa boriti. Ukiweka TV kwenye ukuta mrefu, unasimama umeegemea ukuta wa nyuma na bado uko karibu mno. Iweke ncha ya chumba, ucheze kwa urefu.

Mchangani 85
Ncha ya chumba kuna kitanda cha samadari cha bibi mzaa baba. Hakijasogezwa tangu mapinduzi.

Bint Mtoni
Na mlivaa nini?

Mchangani 85
Ilikuwa Idi. Kanzu.

Bint Mtoni
Ndiyo hivyo. Kinect inatafuta miguu na mikono. Mtu wa kanzu ni nguo moja refu kutoka shingoni mpaka chini. Hata Microsoft wenyewe walioitengeneza walikuwa wanashauri usivae nguo za kupwaya. Sisi wanawake tulipojaribu kwa wifi yangu na madera yetu, mmoja wetu ilimwona ana miguu, mwengine haikumwona kabisa. Tukafunga mlango, tukajifunga kanga viunoni tukazibana barabara. Hapo ikaanza kutuona. Mchezo wa kuruka vihunzi wa Kinect Sports, nimepiga kelele mpaka jirani akagonga akidhani kuna msiba.

Mama Wawili
Huo ndio utamu wake khasa. Mwanamke mzima wapi atakimbia vihunzi hapa? Uwanjani? Chumbani na mlango umefungwa, hakuna wa kukutazama, unakimbia mpaka unalia kwa kicheko. Mie kwa hilo naisamehe Wii hata umeme inaoula.

Fundi Chogo
Wii haili umeme mwingi. TV yako ndiyo inakula.

Mkarafuu
Na panga boi je? Kwetu kijana aliinua mkono kupiga smashi ya tenisi, panga boi lilikuwa namba tano. Vidole viwili vilivimba. Pedi ilirudi chini mbavu zimepasuka.

Ustadh Gemu
Hajavaa kamba ya mkononi?

Mkarafuu
Kamba alivaa. Kamba haizuii panga boi, yakhe.

Ustadh Gemu
Niliuliza kwa sababu kamba za mwanzo zilikuwa nyembamba zikikatika. Wii ilitoka Novemba 2006, na Desemba hiyohiyo Nintendo wakatangaza kubadilisha kamba kama milioni 3.2 bure, kutoka unene wa milimita 0.6 kuwa milimita 1. Watu walikuwa wanapasua TV kwa pedi. Mwaka uliofuata wakaanza kutoa na koti la mpira la kuvisha pedi.

Fundi Chogo
TV za chogo zilikuwa hazipasuki. Pedi inagonga kioo, inarudi kumgonga mwenyewe. Flati ikiguswa tu, basi, nakupa pole na bei ya skrini, na bei ya skrini inafika bei ya TV.

Mwana wa Mwembetanga
Nimerudi. Nimefungua ubao. Mama Wawili, sijui nikushukuru au nikulaumu. Wii Sports inachezwa asubuhi! Jumatatu, Jumanne, siku za skuli, saa nzima na zaidi. Lakini tarehe zimechanganyika, nyengine inaonesha mwaka ambao Wii yenyewe haijatengenezwa.

Fundi Chogo
Betri ya saa imekufa. Ile bapa, CR2032, ndani. Kila umeme ukikatika inapoteza tarehe inaanza upya. Kwa hivyo huo "asubuhi" wako unaweza kuwa usiku. Ushahidi huo hausimami mahakamani.

Mama Wawili
Fundi usiharibu kesi yangu.

Ustadh Gemu
Angalia chati ya ustadi ya mchezaji wa bibi. Baada ya kila mchezo inachora mstari unapanda au unashuka. Kama anacheza kila siku utaona.

Mwana wa Mwembetanga
Bibi hana mchezaji wake. Anatumia wa mjukuu wa miaka saba. Mjukuu ni pro, ana pointi zaidi ya 1000, tufe lake lina nyota. Mpaka leo tulikuwa tunamsifu mtoto.

Bint Mtoni
HAHAHAHA

Nahodha wa Ngalawa
Bibi mjanja huyo. Kajificha nyuma ya mtoto.

Daktari wa Viungo
Kama ni mazoezi ya kila siku, mwacheni aendelee. Mkono unatembea, kichwa kinafanya kazi, na kacheka. Umemjaribisha kile kipimo cha umri wa mwili? Wii Sports ina majaribio matatu mafupi mara moja kwa siku, inakupa umri kati ya miaka 20 na 80. Si kipimo cha hospitali, ni mchezo.

Mwana wa Mwembetanga
Idi hiyo kaka alipata 71. Bibi alikataa kupima. Alisema umri wake Mungu anaujua na cheti kimeliwa na mchwa.

Mpemba wa Muscat
Na ngumi? Hakuna anayezungumzia ngumi. Wii Sports ina ngumi, unashika pedi mkono mmoja na ile Nunchuk, pedi ndogo ya waya, mkono wa pili.

Nahodha wa Ngalawa
Ngumi hizo zilikuwa haramu ya serikali. Zanzibar ngumi zilipigwa marufuku 1964, enzi za Mzee Karume, zikaruhusiwa tena 2022 na Rais Mwinyi huyu wa sasa. Miaka 58. Watoto wenu walikuwa wanavunja sheria ukumbini.

Mkarafuu
Kwa hivyo Wii ilizirudisha ngumi Zanzibar kabla ya Ikulu.

Mchangani 85
Marufuku ilikuwa ya ngumi za ulingoni. Kwenye gemu unampiga mwanasesere kichwa cha duara. Hata damu ya pua haimtoki.

Nahodha wa Ngalawa
Mwanangu alikuwa anamtengeneza mwanasesere kwa sura yangu. Miwani, kipara, ndevu. Halafu anampiga.

Mama Wawili
Nahodha sasa tumejua kwa nini una hasira na uzi huu.

Ustadh Gemu
Kwa anayeuliza toleo jipya: Wii Sports Resort ya 2009 ilikuja na kidude cha MotionPlus, ndani jairoskopu, pale mashine ikaanza kujua mkono unavyozunguka kwa kweli. Na Nintendo Switch Sports ya 2022 ilitoka na bolingi, tenisi, mpira wa wavu, badmintoni, mpira wa miguu na mapanga. Kwa mpira wa wavu watu wetu wangekesha. Lakini sijaona toleo lililowapata wazee kama lile la kwanza. Nakala zaidi ya milioni 82, nyingi ziliingia majumbani ndani ya boksi la mashine, hakuna aliyeulizwa kama anapenda gemu.

Mkarafuu
Hilo lenye jairoskopu mpeni bibi tuone. Kama siri yake ni mashine kukisia, atashindwa. Kama ni nazi na nage, atashinda tena. Hapo ndipo tutajua.

Bint Mtoni
Atashinda.

Ustadh Gemu
Atashindwa michezo ya mwanzo, halafu mjukuu atamsaidia kupata pro.

Mwana wa Mwembetanga
Nimemwambia bibi tunataka kumnunulia kipya chenye kupima zaidi. Kauliza, "Hiki kimeharibika?" Nikamwambia hapana. Akasema basi pesa hio mkanunue mchele wa Idi.

Mchangani 85
Mie nimepata Wii kwenye kontena la yuzidi la Japani, bei ya bure. Nikifika nayo nyumbani nichomeke tu?

Fundi Chogo
USICHOMEKE. Adapta ya Japani ni ya volti 100, ya hapa 230. Utasikia paa! na harufu. Nimeshazika adapta nyingi za namna hio. Tafuta transfoma ya kupunguza umeme, au adapta ya Ulaya.

Ustadh Gemu
Na diski za Ulaya haitasoma, Wii imefungwa kwa eneo. Utacheza diski za Japani kwa Kijapani. Kwa bolingi hakuna la kusoma, lakini kutafuta wapi pa kuanzia utapata tabu.

Mchangani 85
Nimeshalipa.

Fundi Chogo
Adapta ya Ulaya ninayo moja dukani, ya mteja aliyekimbia bila kulipa. Njoo PM, ujumbe wa faragha, tuelewane, lakini usije na bei ya kontena.

Mchangani 85
Bei gani mzee wangu?

Fundi Chogo
PM.

Nahodha wa Ngalawa
Muulize kwanza fundi, yule mteja alikimbia nini.